Mafua ya Thakurji

Mungu hulala mchana. Asiyejua hilo hajawahi kufika Vrindavan, huko Uhindi, mwezi wa Jyeshtha, saa ya jua la utosi, akaikuta milango ya hekalu imefungwa na pujari, kuhani wake, amekaa kizingitini, kidole mdomoni, akiwafukuza mahujaji kama afukuzaye kuku. Katika ashram yetu, nyumba ya watawa na wajane, Mungu huyo ni Thakurji, yaani Krishna mwenyewe, wa jiwe jeusi, kimo cha mtoto anayeanza kutembea. Alfajiri huamshwa kwa wimbo. Huogeshwa, huvishwa, hulishwa, hupokea wageni. Akishakula cha mchana hulazwa kwenye kitanda chake chenye mito ya hariri, pazia likashushwa. Na kwa kuwa joto la mwezi huo huangusha hata kunguru, juu ya kitanda huning'inia pepeo pana la kitambaa chekundu, lenye kamba inayopita chini ya pazia mpaka nje barazani.

Kwenye ncha ya kamba hiyo alikaa Sarbati.

Sarbati Devi alikuwa mjane kutoka wilaya ya Banda, mwembamba, mwenye uso wa mtu anayengoja karani amwite jina. Mumewe alipofariki, wanawe waligawana nyumba, ng'ombe na masufuria. Mama akabaki hajagawiwa mtu. Mke wa mwanawe mkubwa alimlaza zizini, akisema huko kuna hewa. Hatimaye jamaa zake walimchukua kuja kuhiji Vrindavan. Siku ya kurudi walimwacha stesheni achunge mizigo, wao wakaenda kutafuta chai. Jua lilipozama ndipo alipogundua kwamba mizigo yote ilikuwa yake.

Ashram yetu ilimpokea, ila haifugi mtu bure. Kila mkazi ana utumishi wake kwa Thakurji: huyu anafuma maua, yule anasugua vyungu, mwingine anapiga kengele na kukosea mapigo. Mwenye utumishi ana kitanda na sahani. Asiye nao hafukuzwi, hasha, sisi ni watu wa dini. Huambiwa "pumzika." Mama Revati, mfuma mashada, aliambiwa apumzike pale mashada yalipoanza kuletwa tayari kutoka sokoni. Akapumzika barazani, akapumzika kwenye benchi la nje, na siku moja tukamkuta mpwa wake wa mbali kaitwa aje amchukue. Tangu hapo Sarbati hakuweza kulisikia neno hilo. Ukimwambia tu, "Pumzika kidogo, Mama, weka ndoo chini," angeikumbatia ndoo kama unataka kumnyang'anya mtoto.

Kila asubuhi Maharaji alitufundisha kutafakari. Maharaji ndiye mkuu wetu, Swami Nirmohananda, jina lenye maana ya raha ya asiyeng'ang'ania kitu. Mtu mnene, sauti ya asali. Tulikunja miguu ukumbini, tukafumba macho, tukaifuata pumzi. Nusu ya ukumbi iliifuata mpaka usingizini. Sarbati hata usingizi hakuupata, maana kila akifumba macho alimwona mke wa mwanawe. Lakini mchana, akishika kamba, mambo yalikuwa mengine. Akivuta kamba anavuta pumzi, akilegeza anashusha, na kule ndani pepeo linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, mpaka mke wa mwana anapotea, zizi linapotea, na mvutaji mwenyewe hajulikani yuko wapi. Vitabu vyote vya Maharaji huzungumzia hali hiyo. Sarbati hakujua kama ina jina. Alijua tu kwamba ni pahali pekee duniani ambapo hakuogopa.

"Shoga, mkono hauchoki?" Koili alimuuliza kila siku. Koili alikuwa mjane wa Kibengali, msugua vyungu, ulimi mkali kuliko majivu aliyosugulia. "Si uifunge kwenye kidole gumba cha mguu ujilalie?"

"Nimpepee Mungu kwa mguu? Mguu wako ukauke!"

"Haya, haya. Kalala?"

"Kalala. Kageukia ukutani."

"Jiwe limegeuka?"

"Nenda kasugue vyungu, Koili."

Basi, mwaka ule akaja kuhiji Bwana Kantilal, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Surat. Alisimama mbele ya pazia, jasho likimchuruzika mpaka kwenye nyayo tupu, akaangua kilio: "Mimi nalala kwenye baridi, na Mola wangu analala kwenye tanuri!" Haikupita wiki, kiyoyozi kikafika, cheupe, kirefu, kimefungwa utepe. Fundi alikitundika juu ya kitanda cha Thakurji. Pujari Lalitaprasad, mtu wa kuheshimu kila kitu asichokielewa, aliipaka rimoti msandali wa ibada, akaiweka kwenye sinia ya fedha kando ya filimbi ya Mungu. Kisha akalifungua lile pepeo jekundu, akaizungusha kamba yake kwenye msumari, akamgeukia Sarbati kwa tabasamu la mtu anayetoa zawadi.

"Haya, Mama. Sasa utapumzika."

Mchana ule Sarbati alikaa pale pale barazani. Mkono wake wa kulia ulijifumbua na kujifumba wenyewe, kama kinywa cha samaki aliyetolewa majini. Nyuma ya pazia kile kitu kilivuma. Hakuweza kumsikia Thakurji. Kesho yake aliamka kabla ya wote, akafagia ua. Mwenye zamu ya kufagia akaja juu: "Mama, unaniharibia utumishi wangu, unataka mimi ndiye nipumzike?" Akaenda jikoni kuchambua choroko, akaambiwa nafasi zimejaa. Akachukua kitambaa kupangusa nguzo. Nguzo zikapanguswa mpaka rangi ikaanza kutoka, akagombezwa.

Halafu, jioni moja, pujari akamuuliza, kwa upole kabisa, huku akichambua maua:

"Mama, hivi mwanao mkubwa yuko Banda mjini, au huko shamba?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Kwetu hakuna anayeuliza tu. Mama Revati naye aliulizwa tu. 

Asubuhi, baada ya ibada ya kumwamsha Thakurji, uani pamejaa watu na moshi wa kafuri haujatua, Sarbati alijisikia akisema, kwa sauti asiyoitambua:

"Nimemuota."

Pujari aligeuka, kengele mkononi. "Umemuota nani?"

"Yeye. Kanishika pindo la sari. Pua inamtiririka. Anapiga chafya. Kaniambia, 'Mama, nasikia baridi.'"

Hakuwa ameota kitu. Mafua yale yalikuwa ya mwanawe wa pili, enzi zile mdogo, bado anamjua mama yake. Sarbati aliyatoa yalikokuwa, akamwazima Mungu.

Sasa, ndoto kwetu si mchezo. Ashram yenyewe imejengwa hapa ilipo kwa sababu Maharaji aliota Thakurji amesimama kwenye kiwanja hiki, kiwanja ambacho, kwa bahati njema, kilikuwa kinauzwa. Jiko lilihamishwa kutoka mashariki kwenda magharibi kwa ndoto. Mhasibu wa zamani aliondolewa kwa ndoto. Ukiwa na hoja, utabishiwa mpaka koo likauke. Ukiwa na ndoto, watu hupiga magoti. Na wakapiga. Pujari Lalitaprasad alibubujikwa na machozi, maana tangu kiyoyozi kifike alikuwa akiingia kila mara "kumkagua" Thakurji na kutoka amepoa vizuri, na rimoti aliibonyeza yeye.

"Tumemuumiza," Maharaji alitangaza. "Zima hicho kitu!"

Kikazimwa.  Sarbati akasogea msumarini.

"Basi nichukue kamba, Pujari-ji?"

"Kamba ya nini?"

"Ya kumpepea."

Pujari alimtazama kama aliyemwona na kisu. "Mgonjwa wa mafua apepewe? Mama, wewe ndiye umeleta habari, halafu wewe ndiye umalize kumuua?"

Hivyo Thakurji akaugua rasmi. Milango ilifungwa kwa mahujaji, matundu ya madirisha yakazibwa kwa matambara. Alivikwa kofia ya sufi na shali mbili za Kashmir, mwezi wa Jyeshtha, siku ambazo sisi wenye afya tulilala chini sakafuni tukihema kama mbwa. Na chakula cha mgonjwa kinajulikana: mseto wa choroko, maji mengi, bila samli, bila viungo, na kikombe cha mrehani uliochemshwa kwa tangawizi na pilipili manga.

Hapo ndipo dini yetu ilipopimwa. Kwa maana katika ashram hakuna anayekula chakula chake mwenyewe. Kinachopikwa kinapikwa kwa ajili ya Thakurji. Yeye hula kwanza, sisi tunakula makombo yake. Siku za neema makombo hayo ni puri za mafuta, ladu za sukari, na maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, yenye iliki na zafarani. Sasa Mungu alikuwa anakula mseto, na ashram nzima ikala mseto, asubuhi na jioni. Watawa waliotuhubiria miaka kwamba mwili ni vazi tu walianza kuonekana sokoni nyuma ya kibanda cha sambusa, vazi likitafuna. Ukumbini, watu waliokuwa wakifuata pumzi walifuata harufu za nyumba za jirani.

"Nani huyo kaota?" Tikaram, mpishi, alinguruma kila alipochota. "Nina maziwa ndoo nzima yanachacha. Ningemjua huyo mama!"

"Unamjua," alisema Koili. "Umemjazia sahani sasa hivi."

Sarbati akainamisha kichwa juu ya mseto wake. Lakini wengine walianza kumgusa miguu. Akipita, wanawake walijisogeza: "Mama uliyetembelewa, tubariki." Mhujaji mmoja alimfuata mpaka kisimani akitaka amuotee kama binti yake atapata mume. Sarbati alikimbia, mwanamke wa umri wake, na ndoo ikimpiga magotini. Kadiri walivyomheshimu ndivyo alivyozidi kupitia njia za nyuma, kwa kuwa mtu asiye kitu akikamatwa na uongo hupewa karipio na kuachwa, ila mtakatifu akikamatwa, wanaokuja na mawe ni wale wale waliomgusa miguu.

Na Koili hakuwa mjinga.

"Shoga, alikuwa kavaa nini?"

"Nani?"

"Mgonjwa wako. Ndotoni."

"Njano," alisema Sarbati haraka.

"Siku ile wamemvika bluu."

"Ni ndoto, Koili!"

"Haya. Mimi sina neno. Nina njaa tu."

Lakini wala Tikaram, wala Koili, wala mawe hayakumnyima Sarbati usingizi kama kile alichokisikia kutoka kwa pujari. Mchana mmoja Lalitaprasad alitoka nyuma ya pazia amelowa chapachapa, kana kwamba katolewa mtoni.

"Mle ndani ni tanuri," alisema akikamua nguo yake.

"Na Yeye?" Sarbati aliuliza.

"Anatoka jasho jiwe zima. Vizuri. Homa inatoka."

Sarbati alishika nguzo. Mpaka hapo alikuwa anaogopa watu. Sasa aliona picha yenyewe: Mtoto mzima wa afya, hana chafya hata moja, amefunikwa sufi kwenye chumba kilichozibwa, midomo mikavu, anatapika mrehani, na hawezi kusema kwa sababu ni jiwe. Na aliyemfanyia hivyo ni yule yule aliyempepea. Mke wa mwanawe alimlaza Sarbati zizini, lakini walau hakumfunika shali. Alitega sikio kwenye pazia. Hakusikia pepeo, hakusikia pumzi, alisikia nzi mmoja tu. Akabaki hapo mpaka pujari akamwondoa.

Siku ya pili yake akaitwa na Maharaji.

Maharaji alikuwa amepungua. Mashavu yalikuwa yameshuka, na ile sauti ya asali ilikuwa imebaki nta. Bwana Kantilal alikuwa ametuma habari kwamba anakuja na ndugu zake wote kuona kiyoyozi kinavyofanya kazi, na sahani ya mseto ilikuwa pale mkekani haijaguswa.

"Kaa, Mama," alisema. "Niambie. Hujaota tena?"

"Hapana, Maharaji."

"Hata kidogo? Labda amekaa kitandani? Labda ametaja chakula fulani? Kitu chenye maziwa?"

"Hapana."

"Jaribu kukumbuka. Asubuhi ndoto huwa zinateleza."

Sarbati alikuwa amekuja na maneno mengine aliyoyapanga njia nzima, ya kuzunguka. Yote yalimtoka. Akaweka paji la uso sakafuni.

"Maharaji, sikuota."

"Ndiyo, umeshasema. Jana hukuota."

"Hata siku ile sikuota. Nilitunga. Nilitaka kamba yangu. Niliogopa kurudishwa Banda. Mungu hana mafua, Maharaji, mzima kabisa, anaungua mle ndani kwa ajili yangu. Mfunulieni shali. Mimi nipeni adhabu yoyote, mnirudishe hata leo, lakini mfunulieni."

Alingoja ngurumo. Badala yake alisikia miguu minene ikienda haraka mlangoni, na komeo likiingia. Maharaji alirudi, akachuchumaa mbele yake, na Sarbati, aliyekuwa mtaalamu wa hofu, aliitambua mara moja hofu usoni pa mwenzake.

"Umemwambia nani neno hilo?"

"Sijamwambia mtu."

"Koili?"

"Hapana."

"Sikiliza, Mama. Hapa ulipoinama, sakafu hii, unajua imejengwa juu ya nini?"

"Matofali?"

"Ndoto! Ndoto, Mama! Leo wewe ukisema ndoto inaweza kutungwa, kesho Tikaram atauliza habari za jiko. Keshokutwa yule mhasibu atarudi na wakili. Halafu watauliza habari za kiwanja." Alijifuta shingo. "Wewe uliota. Hukujua tu kwamba unaota."

"Nilikuwa macho, Maharaji. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni."

"Watakatifu wakubwa wote huota wakiwa macho."

"Mimi si mtakatifu, mimi mwongo!"

"Usitukane watumishi wa Thakurji!" Maharaji alifoka. "Hapakuwa na uongo hapa. Kwa hiyo hapana kosa. Kwa hiyo hapana cha kusamehe. Umeelewa?"

Sarbati alielewa, na ndipo machozi yalipomtoka. Alikuja kutubu, akapandishwa cheo.

"Basi ota moja tu tena," Maharaji alisema kwa upole. "Amepona. Ndogo tu."

"Siwezi, Maharaji."

"Kwa ajili ya watu wanaoshinda na njaa."

"Siwezi. Nikimtaja tena kwa uongo ulimi huu utaoza. Mimi nilichotaka ni kamba."

 Maharaji akautazama mseto. Kisha, taratibu, akajilaza ubavu mkekani, akafumba macho, akavuta pumzi kama anavyotufundisha, akashusha, akafumbua. Ilikuwa tafakari fupi kuliko zote tulizowahi kusikia.

"Amepona," alisema. "Nimemwona sasa hivi. Anataka maziwa mazito, zafarani nyingi. Na kile kiyoyozi hakitaki. Anasema wavute kamba."

Vigelegele vilivyopigwa uani vilisikika mpaka kwenye gati la mto Yamuna. Tikaram alikimbilia ndoo zake akilia waziwazi. Matambara yakang'olewa madirishani, shali zikafunuliwa, Thakurji akaogeshwa kwa maji ya waridi. Bwana Kantilal alipofika alielezwa kwamba Mungu amekitumia kiyoyozi, akaridhika nacho, akakiacha. Na kama ilivyo kwa puri na ladu, kilichoachwa na Mungu ni makombo matakatifu, lazima mtu ayapokee. Kilikuwa kimeshatundikwa chumbani kwa Maharaji. Bwana Kantilal alikaa chini yake na ndugu zake wote, akasema kwamba kweli baridi hiyo ina kitu ndani yake.

Mchana ule pujari alilitundika tena pepeo, akaitoa kamba msumarini, akampa Sarbati kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo hakuwa nayo zamani. Hakuna tena aliyemuuliza habari za Banda. Ashram ilikuwa imelala, imeshiba, midomo bado ina utando wa maziwa.

Sarbati akavuta, akalegeza. Pepeo likaenda, likarudi. Alingoja ile hali yake ije. Hakufika popote. Kila alipovuta alijiuliza kama Yeye yule ndani yuko macho, amelala chali, anatazama kitambaa chekundu kikipita na kumjua nani anavuta. Mtu pekee mwenye mamlaka ya kumsamehe alikuwa ameapa kwamba hakuna kosa. Sasa shauri lilikuwa limebaki la watu wawili, na mmoja wao hasemi.

Koili alipita na vyungu vyake kichwani.

"Kalala?"

"Sijui."

"Wewe si huwa unajua?"

 Sarbati alingoja mpaka mlio wa vyungu ukafifia huko kisimani. Kisha akainama, akasogeza mdomo kwenye upenyo wa chini ya pazia, pale kamba inapopita, na mkono wake haukuacha kuvuta.

"Baba," alinong'ona. "Kama joto lilikuzidi siku zile, ni mimi."

Akatega sikio. Akabadilisha mkono, akavuta.